Upande wa Chini wa Sinia

Sikuanza kuchora vyombo vya kale kwa sababu ya mapenzi. Nilianza kwa sababu rangi ya bluu ilikuwa imekwisha.

Wakati huo nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja ya ufukweni, Uroa. Mgeni mmoja aliondoka, akaacha katika pipa la taka kijisanduku cha bati chenye vidonge kumi na viwili vya rangi za maji, na brashi mbili. Vidonge kumi na kimoja vilikuwa vizima, havijaguswa. Cha bluu kilikuwa kimelambwa mpaka bati la chini linaonekana, kwani mgeni alikuja kuchora bahari, na aliichora wiki mbili mfululizo. Nilikichukua kile kijisanduku kama nilivyochukua mambo mengi maishani mwangu: kilikuwa karibu, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu wakiniuliza kwa nini, kila mmoja humpa jibu la kumfaa. Ukweli ni kwamba asubuhi moja niliona gari la kuni likielekea kusini, nikataka kujua linapakia wapi. Nilirudi siku ya nne, nikiwa najua. Mwalimu naye alikuwa keshajua kwamba mimi si mtu wa dawati. Tangu siku hiyo nimekuwa msaidizi wa fundi saa, muuza juisi ya miwa, mtembeza wageni katika msitu wa Jozani, na mbeba matofali kule Fumba walikokuwa wakijenga nyumba mpya. Kila kazi niliipenda mno mpaka nilipoielewa, kisha nikaondoka. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mimi ni mtu wa kuonja vyungu vyote na kulala na njaa.

Sasa, bila bluu huchori bahari wala mbingu, na kisiwa chetu ukishakiondolea bahari na mbingu, cha kumuuzia mtalii kinachobaki ni wanyama. Nikajaribu wanyama. Kule Jozani nilikaa chini ya miti siku nzima nikimchora kima punju. Kima punju hatulii. Unaanza na kichwa, ukifika mkiani mwenyewe yuko mti wa tatu, na mkia ulio mbele yako ni wa shangazi yake. Mtalii mmoja aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu, kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama yule paka aliungua moto.

Basi nikatafuta kitu kinachotulia. Nikahamia Mji Mkongwe, na huko nikagundua kwamba birika hutulia.

Nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa mbili ya bibi mmoja mjane. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Ukoo wa mumewe ulikuwa wa Waarabu wenye mashamba ya mikarafuu. Mashamba yalikwenda na zama zake, ikabaki nyumba, na nyumba nayo ilikuwa ikipungua kila masika kipande cha chokaa. Chumba changu kilikuwa ghala la karafuu zamani. Marehemu babu yangu alitoka bara kuja kuchuma na kubeba magunia ya karafuu, huenda aliwahi kuyatua humo humo, na Bi Mkubwa alipenda kunikumbusha kwamba babu angalau alikuwa na kazi moja.

Kazi yangu pale ilikuwa kumpandishia maji na kumwendea sokoni, kwa kuwa magoti yake yalikuwa hayataki tena ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa thelathini na moja, zimesimama wima kama ukuta. Alikuwa hajashuka tangu Idi ya Mfunguo Mosi, mwaka uliopita.

Juu, kando ya ukumbi, palikuwa na stoo. Siku ya kwanza niliyotumwa humo kutafuta ndoo nilisahau ndoo. Palikuwa na birika la shaba la kunawia wageni mikono, madele mawili ya kahawa yenye midomo mirefu, mrashi wa kunyunyizia marashi, chetezo cha kufukizia udi, tasa la kukingia maji ya kunawa, mabakuli mawili mazito, na masinia matatu makubwa yanayofanana kama mapacha, kila moja la kulia watu wanane. Vyote vimepigwa na vumbi na vimekuwa vyeusi. Nikaomba ruhusa nilichore birika.

Bi Mkubwa aliupokea mchoro, akauweka mbali na macho, akauweka karibu.

"Hili birika au bata?"

"Birika, Bi Mkubwa."

"Mbona lina shingo ya kiburi namna hii?"

Nikachora tena. Na tena. Rangi za maji ni rangi zenye roho mbaya. Ukikosea hufuti. Wakati wa mvua karatasi haikauki, inavimba kama chapati, na wekundu unatembea wenyewe mpaka mahali ulipopakataza. Mara mbili nilikunywa maji ya kuoshea brashi nikidhani ni chai yangu, na mara moja niliosha brashi ndani ya chai. Lakini katika kuhangaika huko nilijifunza jambo moja: katika kijisanduku hakuna rangi nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Mng'aro wa shaba hauchorwi, unaachwa. Unapaka kahawia na manjano kuuzunguka, unazuia mkono pale mwanga ulipogonga, na birika linang'aa mbele yako kama limesuguliwa jana. Siku nilipofanikiwa mara ya kwanza nilikimbia ngazi zote thelathini na moja kwenda kuonyesha. Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na tatu.

"Sasa birika," alisema Bi Mkubwa. Nilijiona nimehitimu.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu aliponiita kwa sauti ya kazi.

"Ewe uliye chini."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Panda."

Nilimkuta amekaa juu ya kasha, mlango wa stoo wazi. Akanieleza kwamba binti yake, anayekaa Fumba, amekwisha kumtengea chumba cha chini kisicho na ngazi, na kwamba atahama kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Nyumba zile nazijua, matofali yake nimeyabeba. Nikamwambia stoo hii yote haiingii katika jiko la kule hata ukiisukuma.

"Haiendi Fumba," akasema. "Vitu hivi si vyangu."

"Vya nani?"

"Vya watu."

Ukumbi wake, akanifahamisha, ndio uliokuwa mkubwa kuliko wote mtaani, na harusi za mtaa zilifanyika pale miaka na miaka. Kila nyumba ilileta vyombo vyake, na shughuli ikiisha kila nyumba ilichukua vyake. Ila si wote. Mwingine alisahau, mwingine alihama, mwingine alikufa. Vikabaki. Sinia moja katika yale matatu ndilo lake. La pili ni la watu waliokwenda Muskati ambao hawana mtu tena hapa. La tatu lilikuwa la jirani wa nyumba ya pili, yule bibi anayeoka mikate ya ufuta, ambaye nilikuwa nikinunua mkate kwake kila jioni bila ya kujua kwamba yeye na Bi Mkubwa walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana.

"Harusi ya binti yangu, nilimrudishia sinia silo," akasema. "Akaja nalo, mtandio begani, akanambia, shoga, hili silo langu. Mie nna wageni ndani, nimechoka, miguu imenivimba. Nikamwambia sinia ni sinia."

Akatazama ndani ya stoo.

"Akaliweka chini akenda zake, hakuja tena. Mwaka uliofuata nikalikuta lake humu. Nikaona haya kulipeleka. Haya ya mwaka mmoja ikawa ya miwili. Tukikutana matangani tunasalimiana kwa nyusi."

Alichotaka kilikuwa wazi. Hakutaka kuhama mtaa na kuingia Ramadhani huku ameshika vyombo vya watu, na hasa hakutaka kuondoka bila radhi ya yule shoga yake. Mtu wa umri wake akihamia Fumba, alisema, harudi tena ila kwa jeneza. Lakini kumpelekea mtu sinia mlangoni baada ya miaka ishirini na kitu bila ya kutanguliza mjumbe ni kama kumtukana mara ya pili. Mjumbe alikuwa mimi. Nitachora kila chombo, nizungushe michoro majumbani, kila mtu atambue chake na aje kukichukua kwa hiari yake.

"Si ungepiga picha kwa simu?" nikauliza, mjinga mimi, nikijiharibia kazi.

"Binti alishapiga. Sinia likatoka kama shimo, na pembeni kidole chake. Halafu ukimpelekea mtu picha ya simu ni kama unamsaka mwizi. Mchoro ni hidaya." Akanyoosha kidole. "Vichore kama vilivyo."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio haya mawili. Vichore kama vilivyo. Nikashuka nikiwa nimekwisha kuamua kutovichora kama vilivyo.

Nijitetee kidogo. Mtu aliyekwisha kujifunza kuacha mng'aro huona uchungu kuchora chombo cheusi. Shaba iliyofubaa haina pa kuacha. Nikaona nimfanyie hisani bibi wa watu, nivisafishe kwanza. Nikanunua ndimu fungu zima, nikaomba majivu kwa muuza mihogo, nikakaa uani siku tatu nasugua kwa kumbi la nazi mpaka kucha zikawa za kijani. Na kwa kuwa mama alinifunza kwamba chombo huoshwa kuanzia chini, nilivigeuza nikaanza chini. Huko nikakuta uchafu wa ajabu: tone la rangi nyekundu hapa, mistari miwili ya bluu pale, doa jeupe, mstari wa kijani. Nikafikiri vyombo viliwekwa karibu na fundi aliyekuwa akipaka milango. Nikavua vyote. Mstari wa kijani chini ya sinia moja ulikuwa mbishi, haukusikia ndimu wala majivu. Nikaenda kuomba tina, ile ya kuzimulia rangi, kwa fundi rangi, nikaufuta kwa tambara, na nikasimama nikautazama mgongo wa sinia ule kwa fahari ambayo sijapata kuwa nayo juu ya kitu kingine chochote.

Mwanamume wa Unguja hulijua sinia kwa juu tu, penye pilau. Amekula katika masinia tangu utoto, harusini, maulidini, hitmani, na hata siku moja hakupata kuona chini yake pana nini, kwa sababu wakati sinia linapogeuzwa yeye keshanawa mikono na yuko barazani anachokonoa meno. Najua sasa. Wakati ule nilikuwa mwanamume kamili.

Nikachora. Wiki mbili zile zilikuwa tamu. Mrashi ulikuwa na shingo iliyopinda kidogo, nikaunyoosha. Dele moja lilikuwa na kibonyeo tumboni, nikalijaza. Michoro tisa, masinia matatu yakiwa katika karatasi moja, na kila mmoja unang'aa. Bi Mkubwa macho yake yana ukungu, aliitazama mmoja mmoja akasema mashaallah, nami nikashika njia.

Nyumba ya kwanza walinikaribisha mpaka ndani. Mama mwenye nyumba aliupeleka mchoro wa mrashi karibu na dirisha, akamwita mkwewe, wakausifu kwa pamoja.

"Mzuri. Sio wetu, lakini mzuri."

"Hamkupata kuwa na mrashi uliopotea?"

"Tulikuwa nao. Lakini wetu ulikuwa mzee, shingo kombo. Huu bi harusi wa leo."

Nyumba iliyofuata walisema dele lao lilikuwa na tumbo lililobonyea tangu lilipoanguka ngazini. Hili halijaanguka hata mara moja, wakasema, linaonekana. Wakaniuliza kama mchoro wanaweza kubaki nao. Nikaona fahari. Nyumba ya tatu nilikuta bibi kakaa anachambua mchele. Hakusifu. Aliutazama mchoro wa bakuli, akaigeuza karatasi, akatazama nyuma palipo peupe.

"Chini pana nini?"

"Chini wapi, Bi?"

"Chini ya bakuli. Letu lina tone jekundu. Wenzetu wa pale msikitini wana jeupe. Kila nyumba na alama yake, vyombo visichanganyike shughulini. Wewe umelichora bakuli zima, hukuona chini?"

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa, bila ya kukaribishwa.

"Niliona," nikasema.

Kupanda ngazi zile siku ile kulichukua muda. Nilimweleza Bi Mkubwa yote, kwa mpango, nikianza na ndimu. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye matone na mistari aliufumba mkono juu ya paja lake.

"Na ule wa kijani?"

"Ulikuwa mgumu, Bi Mkubwa."

"Kwa hiyo umebaki."

"Nilitumia tina."

Angepiga kelele ningejua la kufanya, nimefukuzwa kazi mara nyingi na nina uzoefu. Yeye aligeuza uso akatazama dirishani. Mstari wa kijani ulikuwa alama ya jirani. Masinia yalikuwa matatu, sura moja, uzito mmoja, mkono wa fundi mmoja. Kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa na kosa lakini alijua sinia ni lipi. Sasa alikuwa na kosa tu. Kupeleka sinia silo mara ya pili, kwa mtu yule yule, ni bora kutopeleka kabisa.

Siku mbili hakuniita. Niliweka maji juu ya ngazi na kuyakuta yamechukuliwa. Chakula alicholetewa na jamaa zake alikirudisha nusu. Siku ya tatu nikaenda nyumba ya pili mwenyewe, bila ya kutumwa, nikiwa na mchoro wa masinia matatu. Nilifikiri kwamba uzuri wa mchoro utasaidia. Sijui kwa nini bado nilifikiri hivyo.

Bibi wa mikate alikuwa uani, anageuza mkate juu ya jiko la mkaa. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi maisha yake yote.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mapema leo, mikate bado."

Nikamkabidhi karatasi. Akaifuta mikono yake kwanza, akaitazama.

"Sinia lako limo humu," nikasema. "Bi Mkubwa anataka kulirudisha."

"Lipi?"

"Moja katika haya matatu."

"Yeye hajui lipi?"

"Alama imetoka."

"Imetoka ikaenda wapi?"

Ikabidi niseme. Aliniuliza nimetumia nini, nikasema tina. Aliniuliza nani alinifunza kuosha vyombo, nikasema mama. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mama huyo.

"Naye kasemaje?"

"Hajasema kitu. Hata kula hali sawasawa."

Aligeuza mkate, akaurashia ufuta, akaufunika. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

"Alinambia sinia ni sinia," akasema. "Kanambia mbele ya wageni, mlangoni. Leo ndiyo anataka kujua lipi. Basi mwambie, akinitaka mie aje mwenyewe. Si kunitumia karatasi."

"Bi, magoti yake..."

"Yangu mazima?"

Nilirudi na mchoro wangu, nikafikisha ujumbe. Bi Mkubwa alisema, "Hajabadilika," na hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu katika siku tatu, kwa hiyo nililipokea kwa shukrani.

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani watu wote walikuwa katika shamrashamra za kuvunja jungu, kula na kunywa kabla ya funga kuanza. Bi Mkubwa aliamua kuita wanawake wa mtaa chakula cha mchana, na vyombo vyote vikapangwa ukumbini juu ya mkeka, vinang'aa vibaya sana. Mimi niliwekwa mlangoni, nisikilize. Kila mmoja alitambua chake, na hakuna aliyetazama michoro. Mmoja alipitisha kidole shingoni mwa mrashi akahisi pale ulipopinda. Mwingine alitia mkono ndani ya dele akakigusa kibonyeo chake. Tasa lilitambuliwa kwa kuinuliwa tu, mwenyewe alijua uzito wake. Bakuli moja liligombewa na wawili, wakacheka, wakakubaliana kukaa nalo kwa zamu. Yule bibi wa mchele aliniambia mbele ya wote kwamba mchoro wangu ni kama mwanamume anayekuja kuposa, umejipamba kote, na hakuna ajuaye chini yake pana nini. Walicheka sana. Nami nikacheka, nifanye nini.

Walipokwisha kuondoka, juu ya mkeka yalibaki masinia matatu. Jirani wa nyumba ya pili hakuja. Bi Mkubwa alikaa akitazama mlango mpaka adhana ya alasiri. Kisha akasema nimpe buibui lake.

"Chukua yote matatu," akasema.

Ngazi thelathini na moja tulizishuka kwa muda ambao mimi ningefika Fumba. Alitangulia yeye, kwa kukaa. Alikaa ngazi ya kwanza, akajisogeza, akakaa ya pili, Bi Mkubwa wa watu, na mimi nyuma yake na masinia kichwani nikiogopa hata kupumua. Katikati alipumzika na kusema, bila ya kugeuka, kwamba nikiyaangusha nisishuke. Chini alisimama, akashika ukuta, akapanga ushungi wake vizuri. Kutoka mlango wake hadi wa jirani ni hatua arubaini. Nilizihesabu kwa sababu alisimama kila baada ya tano.

"Hodi," akasema.

Kisha sauti ya mkate ukigeuzwa.

"Hodi, shoga. Ni mie."

Yule bibi alitoka na kijiko cha mti mkononi. Alimtazama Bi Mkubwa, akamzunguka, akatazama vumbi la ngazi nyuma ya buibui lake, chini mpaka juu.

"Umeshuka kwa matako," akasema.

"Nimeshuka."

"Karibu ndani."

Akaniambia niyaweke masinia juu ya jamvi, mbali mbali. Nilidhani atayageuza. Nikaanza kueleza tena habari ya tina, akaniashiria kwa kijiko ninyamaze. Akaliinua la kwanza kwa ukingo, likaning'inia kwenye vidole viwili, akaligonga. Likalia. Akasikiliza mpaka sauti ikaisha. Akaligonga la pili, nalo kwa masikio yangu likalia vile vile. La tatu aligonga mara moja tu, akaliweka mapajani.

"Hili."

Bi Mkubwa akaniona nimeduwaa. "Yeye ndiye aliyekuwa mpigaji," akanambia. "Harusi zote. Tukiimba, yeye na sinia lake na kijiko cha mti."

"Una hakika, Bi?" nikauliza.

Hakunijibu mimi. "Zamani kila Ijumaa ukiosha vyombo dirisha langu likiwa wazi," alimwambia mwenzake. "Likigonga ndoo nikilisikia. Miaka yote hii najua limo humo."

"Na hukuja kulitaka?"

"Nije kutaka nini? Sinia ni sinia."

Bi Mkubwa aliinamisha kichwa. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake, nilimsikia usiku kupitia dari, yalikuwa marefu na yenye aya ndani yake. Yote yalimpotea. Alisema tu, "Nimekosa. Nilikosa siku ile ile, na nilijua. Nipe radhi yako."

Yule mwingine aliligeuza sinia, akatazama mgongo wake uliosafishwa, mtupu kabisa, akapitisha kiganja pale palipokuwa na mstari.

"Nshakupa," akasema. "Zamani. Nilikuwa nangoja uje uichukue."

Nikaona ni adabu nitoke, lakini mguu wangu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, na hivyo niliendelea kuwapo, nimesimama kama nguzo, huku wanawake wawili wazima wakifuta macho kwa ncha za mitandio yao na kuulizana nani alikuwa wa kwanza kufiwa na mume. Mkate uliungua. Hakuna aliyeutazama ila mimi, na mimi sikuthubutu kugusa chombo chochote katika nyumba ile.

Asubuhi ya pili binti wa Fumba alikuja na gari ya mizigo. Alikuta kasha limefungwa, godoro limekunjwa, mwenye vitu hayupo. Akaketi barazani, nami nikaketi upande wa pili, nikamwonyesha mchoro wa masinia matatu, akasema mzuri. Akaniuliza mama yuko wapi, nikamnyooshea kidole dirisha la nyumba ya pili. Humo sinia lilikuwa likipigwa kidogo kidogo, linasimama, linapigwa tena, na sauti mbili zinabishana kama katika harusi ya binti huyu ule wimbo wa kumtoa bi harusi uliimbwa kabla ya pilau au baada.

"Baada," alisema yule binti, peke yake. Akavua viatu, akaegemea ukuta, akamwambia dereva azime gari.